Imani yangu inapungua, na kanisani wananiambia inakomaa

Shikamoo Mama,

Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Kimara. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, na mpaka mwaka jana nilikuwa naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika. Barua hii naiandika kwa simu, kipande kipande, ndani ya mwendokasi asubuhi nikienda Gerezani na jioni nikirudi, kwa sababu nyumbani sina dakika ya peke yangu.

Mwezi wa pili mume wangu alianguka bafuni. Alikuwa dereva wa lori, anakwenda Tunduma na kurudi, mtu mwenye nguvu zake, ingawa presha alikuwa nayo na dawa alikuwa anakunywa akikumbuka. Ni kiharusi. Upande wa kulia umepooza na maneno yamempotea. Anaelewa kila kitu, lakini akitaka kusema "maji" linatoka neno jingine, anajaribu tena, linakataa, kisha anageukia ukutani. Miaka kumi na mitatu ya ndoa sikuwahi kumwona akilia. Sasa analia. Jambo moja tu silielewi: jioni tukisali na watoto, tukianzisha wimbo, anaimba. Maneno yote, beti zote. Wimbo ukiisha hawezi kutamka hata jina langu.

Mwajiri wake alitoa mshahara wa miezi miwili akanyamaza. Kodi ya nyumba, mahitaji ya mkubwa aliye kidato cha pili, dawa, nauli ya bajaji kumpeleka kwenye mazoezi ya viungo, vyote vimeniangukia mimi. Nilikopa laki tano kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Kila Jumatatu ni marejesho, na nikichelewa wanakuja kukaa kibarazani mpaka mtaa mzima ujue.

Mimi ni karani wa stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Meneja wetu anajua hali yangu. Mwezi wa sita aliniita akaniambia kuna saruji itatoka usiku, mimi nisaini tu kwamba mifuko ile ililowa maji ikatupwa. Nikasaini. Akanipa bahasha, laki moja na nusu. Nililipa marejesho ya wiki mbili na nikanunua kuku. Watoto walifurahi mpaka mimi nikashindwa kula. Mwezi uliofuata nikasaini tena, bahasha ya kiasi kilekile. Sasa amesema kuna mzigo mkubwa wa nondo kabla ya mwisho wa mwezi huu, na fungu langu litakuwa milioni moja na laki mbili. Hiyo inamaliza deni lote na kodi ya miezi mitatu. Na tajiri mwenye duka, Mama, ni mzee ambaye hajawahi kunikosea. Mume wangu alipougua alinitumia elfu hamsini bila kuombwa.

Kwenye jumuiya ya Jumamosi, mama mmoja alinishika bega akasema, "Furahi, mwenzetu, Mungu anakukomaza." Mwingine akasema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Rafiki yangu akanipeleka kwa mtumishi mmoja, akaniambia kuna madhabahu za ukoo wa mume wangu na zinavunjwa kwa sadaka ya laki tano. Nilitanguliza laki moja kutoka kwenye ile bahasha ya pili. Nikapewa mafuta ya kumpaka. Wiki hiyo nilishindwa kununua dawa za presha.

Sikomai, Mama. Zamani nilikuwa naomba saa nzima, sasa nikipiga magoti usingizi unanichukua. Yule mama aliyenishika bega namchukia, na sikuwahi kuwa mtu wa chuki. Anayenijaribu ni Mungu au ni nani? Kama majaribu yanaimarisha imani, mbona yangu inapungua? Na ile milioni nifanyeje? Ninachoogopa ni kwamba jibu nalijua, na bado nitasaini.

Mama wa wawili, Kimara

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, wewe na baba watoto na hao wadogo wanaolala na kuamka ndani ya nyumba hiyo.

Kabla sijagusa neno lolote la imani: dawa za presha. Zinunue leo. Aliyekwisha kupata kiharusi kimoja yuko karibu na cha pili, na presha isiyodhibitiwa ndiyo inayokileta. Kama fedha hakuna, nenda hospitali ya umma anakotibiwa, uliza dirisha la ustawi wa jamii, eleza hali yako yote bila kuona haya. Ofisi ile iko pale kwa ajili ya watu waliofika mahali ulipofika wewe. Mazoezi nayo usiyaache, maana miezi ya mwanzo ndiyo mwili hurudisha mengi. Mafuta uliyopewa mpake kama unataka, lakini kidonge kitangulie.

Na kwa huyo mtumishi usirudi. Wala usimpelekee laki nne zilizobaki. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimuuliza Yesu nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa swali lenyewe: si huyu, si wazazi wake. Ipo kwenye Yohana sura ya 9. Mtu anayekutajia ukoo wa mumeo na bei ya kuusafisha anauliza lile lile swali ambalo Bwana alilikataa, halafu analitoza fedha.

Sasa swali lako la kwanza. Linachanganya watu wengi kwa sababu Kiswahili chetu, kama Kigiriki cha Agano Jipya, kina neno moja kwa vitu viwili. Kigiriki wanasema *peirasmos*, sisi tunasema jaribu. Kiharusi ni jaribu, na bahasha ya meneja ni jaribu. Yakobo anaanza barua yake kwa kusema tuhesabu kuwa ni furaha tupu tukiangukia katika majaribu mbalimbali, kwa sababu kujaribiwa kwa imani huleta saburi. Mama wa jumuiya yako aliishia hapo. Angesoma mpaka aya ya 13 angekuta Yakobo huyohuyo akisema mtu ajaribiwapo asiseme anajaribiwa na Mungu, maana Mungu hawezi kujaribiwa na maovu, wala yeye mwenyewe hamjaribu mtu. Na aya ya 14, kwamba kila mmoja huvutwa na tamaa yake mwenyewe.

Kwa hiyo tenganisha. Ugonjwa umekupata kutoka nje, hukuuchagua, na kwa huo unaitwa kustahimili. Bahasha imetoka kwa mtu anayejua una njaa, na ndani yako imekuta mlango uliokuwa wazi nusu. Hiyo hukuitwa kuistahimili, umeitwa kuikimbia. Nimeona Wakristo wengi wakigeuza haya mawili juu chini: wanaukimbia ugonjwa kwa mafuta na sadaka, na bahasha wanakaa nayo, wanaivumilia mezani, wanaiombea iwapitie. Wewe umefanya yote mawili katika wiki moja, na fedha ya bahasha ndiyo iliyolipia mafuta. Sikuambii haya kukuumiza. Nakuambia kwa sababu ukiwa umechoka vitu hivi vinaonekana kama furushi moja lililotumwa na Mungu, na ukishaamini hivyo utasema moyoni, "Aliyenipa shida ndiye aliyenipa na njia hii." Mungu hakukupa njia hiyo. Meneja wako ndiye aliyekupa.

Hilo neno la mzigo usioweza kubebeka limeniudhi kwa miaka mingi, na acha niliseme hapa wengine nao wasome. Haliko hivyo kwenye Biblia. Watu wanakumbuka nusu ya 1 Wakorintho 10:13. Paulo pale anazungumzia vishawishi: kwamba Mungu hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, na pamoja na lile jaribu atafanya mlango wa kutokea. Mzigo wa maisha haukutajwa. Kuhusu mzigo wa maisha, Paulo huyohuyo anawaandikia watu walewale barua nyingine, sura ya kwanza kabisa, kwamba kule Asia walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Kuliko nguvu zao! Mtume alipewa asichoweza kubeba na akaandika bila kuficha. Na tazama ile aya ya mlango wa kutokea inavyosema: "ninyi", watu wengi. Mara nyingi mlango wenyewe ni mtu wa pili anayeujua ukweli wako. Nitarudi hapo.

Sasa kukomaa. Mimi ni mtoto wa Kagera, nimekulia chini ya migomba, na neno hili nililijua shambani kabla sijalisikia kanisani. Mama yangu alikuwa akitutuma kukata mkungu, na kosa kubwa la mtoto lilikuwa kutafuta rangi. Ndizi iliyokomaa bado ni ya kijani. Ukitaka kujua, unatazama pembe za kidole chake. Ndizi changa ina pembe kali, unazihisi kwa kidole gumba. Ikikomaa inajaa kutoka ndani, pembe zinalala, inakuwa karibu ya mviringo. Rangi ni ileile. Aliye mbali haoni tofauti. Hata leo, mama wa soko la Mabibo anayejua kazi yake hupapasa kwanza. Kuiva kunakuja baadaye. Na kuna kuvundika: unachukua ndizi, unaifukia kwenye joto, siku chache inakuwa njano. Kama ilikuwa imekomaa, tamu. Kama ilikuwa changa, utapata njano nje na ndani ngumu isiyo na ladha.

Unajipima kwa rangi, mwanangu. Saa nzima ya maombi, sauti ya kwanza kwaya, moyo usio na chuki: hiyo ilikuwa njano, na ilikuwa nzuri, sitaki uidharau. Lakini ilikuwepo kabla hakijatokea chochote. Huwezi kujua kama ilikuwa imejaa ndani au ilivundikwa na joto la afya njema na mshahara wa dereva. Yakobo anaposema saburi, neno lake la Kigiriki, *hupomonē*, limeundwa na maneno mawili: chini, na kukaa. Kukaa chini ya kitu kizito bila kutoroka. Hakusema kukaa ukitabasamu.

Wewe unakaa. Umeosha mgonjwa asubuhi, umepanda basi, umerudi, umeosha tena, na jioni mnasali na watoto. Unalala kwenye magoti, ndiyo. Eliya alilala chini ya mretemu akiomba afe, na Mungu alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa mkate tena. Hakumwambia neno moja la kumkemea kuhusu usingizi.

Nitakusimulia langu, kwa sababu umeniandikia ya kwako bila kuficha. Mwaka 1996 nilimzika mwanangu wa pili akiwa na miaka sita. Malaria. Nilikuwa mwalimu, tukikaa Temeke, na mume wangu alikuwa shemasi. Watu walikuja na neno lilelile ulilopewa wewe. Karibu miaka miwili sikuimba na sikuomba kwa maneno yangu hata mara moja. Nilikuwa na zamu ya kujaza maji kanisani kila Jumamosi, ndoo kutoka bomba la jirani mpaka mapipa ya nyuma ya madhabahu, na zamu ile sikuiacha. Nilijaza ndoo kwa hasira. Kuna Jumamosi nilimwambia Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikiwa na ndoo kichwani. Lakini nilimwambia yeye. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba mtu anayemkasirikia Mungu mbele ya Mungu hajaondoka.

Sitakuambia mwanangu alikufa ili mimi nikomae. Mungu wa namna hiyo simjui, na akija mtu kukuambia mumeo amepooza ili wewe upate somo, una ruhusa yangu kutoka nje ukapumue. Ninachoweza kushuhudia ni kidogo kuliko hicho: kwamba katika jambo ambalo halikuwa jema, nilishikwa. Zamani niliamini kwa sababu mambo yalikuwa yananiendea vizuri. Baada ya pale niliamini nikijua yanaweza yasiende. Imani ya kwanza ilikuwa na sauti kubwa zaidi. Ya pili ndiyo ninayoishi nayo mpaka leo, na nina miaka 71.

Chuki yako kwa yule mama, iandike kwenye karatasi, mwambie Mungu, na usiharakishe kuiita dhambi kubwa. Alikosea pa kusemea. Huenda siku moja mtakaa naye. Hiyo si kazi ya mwezi huu.

Kazi ya mwezi huu ni nondo.

Umesema unaogopa kwamba jibu unalijua na bado utasaini. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, na nakuamini. Ndiyo maana sitakuambia "uwe imara". Petro aliambiwa na Yesu usiku ule kwamba Shetani amewataka awapepete kama ngano. Yesu hakuahidi kuzuia kupepetwa. Alisema, nimekuombea imani yako isitindike, na ukishaongoka uwaimarishe ndugu zako. Alijua Petro ataanguka, na alizungumza naye kama mtu atakayerudi. Wewe umeshaanguka mara mbili. Bahasha ya tatu itakuambia kwamba kwa kuwa umeshachafuka, mara moja zaidi haina tofauti. Huo ndio uongo wake mkubwa, mkubwa kuliko ule wa fedha. Ina tofauti. Kwa tajiri yule ina tofauti ya tani za chuma. Kwa mahakama ina tofauti, maana kughushi nyaraka na kushiriki wizi kazini ni jinai, na sahihi iliyoko kwenye karatasi ni yako, si ya meneja. Siku mambo yakiharibika, atakuwa wa kwanza kushangaa mbele ya tajiri. Na mumeo asiyeweza kusema atabaki na nani?

Yusufu nyumbani kwa Potifa hakukaa kupima nguvu zake. Aliacha vazi mikononi mwa mke wa Potifa aliyekuwa akimtaka, akatoka mbio. Nawe vazi lako la kuacha ni siri. Leo, kabla hujafika Kimara, chagua mtu mmoja na umwambie yote: bahasha mbili, kiasi, na mzigo unaokuja. Mchungaji wako, au mzee wa kanisa mwanamke ambaye mdomo wake unauamini. Usimwambie "niombee, nina majaribu kazini." Hiyo ni namna ya kujificha huku ukionekana umesema. Mama yangu alikuwa mlokole wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukatufikia Buhaya, na wale walikuwa na desturi ya kutembea nuruni: mtu anasimama mbele ya wenzake, anaitaja dhambi kwa jina lake, pamoja na ndoo au mbuzi aliyeiba, na kesho anairudisha. Kama mtoto niliona aibu kwa niaba yao. Nimekuwa mzee ndipo nilipoelewa kwa nini walitembea wepesi.

Kwa meneja, neno ni fupi: "Hili sitasaini, na yale mengine sitarudia." Usimhubirie, usimtishe, usimweleze sababu, kwa sababu kila sababu utakayompa ataijibu. Na siku ya mzigo asikukute peke yako stoo.

Kwa tajiri utakwenda, lakini si kesho na si peke yako. Kwanza pata ushauri wa sheria, kwa sababu unachokwenda kukiri ni kosa. Hapa Dar es Salaam kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanatoa msaada wa kisheria kwa watu wasio na uwezo, na wapo wengine. Ukishajua umesimama wapi kisheria, nenda na mchungaji au huyo mzee wa kanisa, ukiwa na hesabu ya ulichopokea. Laki tatu hazitarudi siku moja. Omba kuzikata kidogo kidogo kwenye mshahara. Na ukifukuzwa kwa kukataa kusaini, jua kuwa una siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usizipoteze ukilia.

Unaweza kupoteza kazi. Sitakuficha. Yusufu alikataa dhambi na malipo yake yalikuwa gereza, na hata baada ya kumsaidia mtu mle ndani alisahauliwa miaka miwili mizima. Kuna mahubiri mengi mjini hapa yanayokuambia ukikataa bahasha Jumatatu, Ijumaa Mungu atakuletea kubwa zaidi. Mimi nimekaa kwenye imani hii muda wa kutosha kuona watu wakikataa na kubaki maskini, wakalala usingizi wao. Amua ukijua hivyo. Ukikataa kwa kutegemea malipo ya haraka, yasipokuja utarudi kwa meneja.

Deni la kausha damu nalo lisibaki kati yako na wao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Waulize ya kwao, na mkataba wako mpelekee huyohuyo mwanasheria. Mtu wa kukaa kibarazani kukuaibisha huwa hapendi kuulizwa karatasi.

Na hapa ndipo narudi kwenye lile "ninyi" la Paulo. Mzee wa jumuiya yenu aitwe, aambiwe mahitaji kwa hesabu: watu wawili au watatu wa kukaa na mgonjwa kwa zamu, mtu mwenye gari wa siku moja kwa wiki ya mazoezi, na mchango wa kumaliza lile deni. Jumuiya inayochangia harusi kwa kadi za laki haishindwi na hili. Wanajumuiya mnaosoma hapa, najua mnajijua: mtu akiwa chini ya kitu kizito, msimwambie jinsi kitakavyomjenga misuli. Shikeni upande wa pili. Huenda yule aliyekushika bega atakuwa wa kwanza kuja na sufuria ya wali. Mara nyingi watu wa maneno mabaya wana mikono mizuri, wakionyeshwa pa kuiweka.

Nimeuacha mwisho wimbo wa mumeo, na ndio nilioulala nao. Madaktari wanalijua jambo hilo. Kiharusi kinachopooza upande wa kulia kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko lugha ilikokaa. Wimbo unashikwa na upande wa pili pia, kwa hiyo unaweza kubaki wakati maneno ya kawaida yamekwenda. Wapo wataalamu wa matamshi wanaotumia kuimba kuwasaidia wagonjwa warudishe maneno. Uliza hospitalini kama wanaye. Na wakati unasubiri, jaribuni nyumbani: "naomba maji" kwa tuni ndogo, polepole, wewe na watoto mkiimba naye.

Nawe pia umepotewa na maneno. Saa nzima ya maombi ilikuwa maneno yako, na yamekwenda. Fanya kama yeye, chukua yaliyokwishatungwa. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, inaanza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Isome kwenye mwendokasi ukisimama umeshika bomba. Na ile sala aliyotufundisha Bwana, ukifika pale "usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu", simama hapo. Itaje saruji. Itaje nondo. Ukisinzia kabla ya Amina, watoto wataimalizia.

Niandikie tena mwisho wa mwezi, mzigo ukishapita, hata kama mambo hayakwenda ulivyotaka. Nisalimie baba watoto, mwambie kuna bibi Temeke amemuuliza habari ya mkono wake wa kulia, na anataka kujua jioni huwa anaimba wimbo gani.